Resho au Konjelateri

Dada yangu mkubwa alifika kwetu Kalemie kutoka Moba kwa boti akiwa na masanduku mawili ya nguo, mkeka, na konjelateri. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ndugu za marehemu walipogawana vitu vya nyumbani, hiyo friji ndefu ya kulala ndiyo pekee aliyoipigania mpaka akaipata. Vijana waliibeba kutoka ufukweni hadi kwetu, ng'ambo kidogo ya reli, naye alitangulia mbele yao akiwaonyesha kila shimo la barabara.

Mpango wake ulikuwa wazi. Angenunua migebuka na kuhe kwa wavuvi wa Zongwe wakati samaki ni wengi, awagandishe, kisha awauze sokoni siku ziwa likichafuka na boti zisije. Hakuwa na kazi nyingine. Konjelateri ikifanya kazi, angekaa mjini na kujilisha mwenyewe. Isipofanya kazi, angerudi kuishi kwenye kiwanja cha wakwe, chini ya watu waliokwisha kumwonyesha mlango. Mke wangu nami tulimpa chumba cha nyuma.

Mimi si fundi wa umeme. Kazi yangu ni kutunza bohari bandarini. Mambo ya umeme nilijifunza peke yangu, katika kitabu cha shule ya ufundi kilichokosa jalada, ambacho Kifaransa chake kilinichosha kuliko hesabu zake. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutaka kujua waya gani inatoka wapi na inakwenda wapi. Nyumba yetu ilijengwa zamani kwa wafanyakazi wa reli, na waliotia waya walifikiria taa, redio, labda na pasi. Waya zao, zilizovikwa mpira na kitambaa, bado zilikuwa ndani ya kuta. Zilifuata njia moja tu: zilianzia kwenye fizibu, kile kikata-umeme chenye uzi unaokatika mzigo ukizidi, karibu na mlango, zikapita vyumba vyote, zikaishia jikoni, ambako mke wangu alikuwa na resho, jiko la umeme la sahani mbili. Resho peke yake ilikaribia kumaliza uwezo wa njia hiyo. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu: resho ikiwaka, pasi inangoja.

Siku chache baada ya dada kuhamia, nilirudi kula mchana nikakutana na harufu ya plastiki iliyopata moto. Jikoni resho ilikuwa inachemsha maharage. Kando yake, sakafuni, kulikuwa na kisanduku kipya chenye taa ya kijani: regilateri, ile mashine ya kupandisha umeme unapokuwa dhaifu. Resho ilikuwa imechomekwa humo. Kutoka humo humo ralonji, waya ndefu ya kurefushia umeme, ilitambaa hadi chumba cha nyuma kuilisha konjelateri. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, amefurahi.

"Mudogo wangu, kuran yenu ilikuwa na njaa," aliniambia, akimaanisha umeme wetu. "Sasa angalia. Vyote viwili vinatumika."

"Na fizibu, Yaya? Haikukata?" nilimwuliza dada.

"Ilikata mara mbili. Nikaifunga na nyuzi za shaba. Sasa imetulia."

Nilikwenda mlangoni nikazima umeme wa nyumba nzima. Maharage yakaacha kuchemka. Mke wangu, aliyekuwa anaanua nguo uani, aliuliza kwa sauti kama wamekata mjini kote.

"Ni mimi nimekata," nilisema. "Na konjelateri haitawaka tena leo."

Nilisema vibaya, kwa maana nilianza na mwisho. Dada alisimama.

"Basi sema tu ninatoka. Usizunguke na mambo ya waya. Kule walinifukuza kwa midomo yao, wewe unanifukuza kwa fizibu."

"Hakuna anayekufukuza."

"Mimi bila konjelateri niko nani hapa? Mugeni wa kula na kulala?"

Alikwenda chumbani kwake, nikasikia sanduku likivutwa. Mke wangu aliniangalia akiwa na nguo mkononi. "Papa," alisema polepole, "umuonyeshe. Usimuhubirie."

Nilimwita dada jikoni, nikamwomba ashike waya ya ukutani pale inapotoka kwenye bomba la chuma. Umeme ulikuwa umezimwa muda, lakini aliurudisha mkono wake haraka.

"Iko moto!"

"Ndani ya ukuta iko moto zaidi, na huko hatuwezi kuishika."

Nilimweleza kwa maneno ambayo yeye mwenyewe anatumia sokoni. Regilateri haizai umeme. Mjini kwetu wengi wanaamini inazaa, kwa sababu ukiiwasha unaona taa inapata nguvu. Lakini mashine hiyo ni kama mchuuzi: inachopandisha upande mmoja inakivuta upande mwingine. Volti zikiwa chache, ili itoe volti kamili inavuta ampea nyingi zaidi kutoka ukutani, na ampea ndizo zinazopasha waya moto. Yeye aliilisha resho nayo, mzigo mkubwa kuliko vyote nyumbani. Fizibu iliona hatari, ikakata, kama inavyotakiwa. Alipoweka nyuzi za shaba mahali pake, sehemu iliyobaki dhaifu ya kukatika ilikuwa ni waya ya ukutani.

"Kwa wakwe tulikuwa tunafunga hivi hivi," alisema.

"Na waya haikuungua?"

"Iliungua. Ukuta ukawa mweusi." Alifikiri kidogo. "Tukaupaka rangi."

Mke wangu alicheka kwanza. Kisha dada naye akacheka, bila kutaka. Sanduku lilibaki katikati ya chumba, si mahali pake wala mlangoni.

Nilimwahidi kwamba konjelateri itapata njia yake yenyewe, kutoka kwenye sanduku la umeme la mlangoni hadi ukutani kwake, bila ralonji. Jumamosi tulikwenda pamoja kununua waya. Muuzaji alinipa bunda nene, akasema ni milimita mbili na nusu. Nilimwomba anikatie kipande, nikakimenya, nikaona plastiki ni nene na shaba ndani ni nyembamba.

"Hii si mbili na nusu."

"Papa, imeandikwa juu yake."

"Hata gunia la muchanga unaweza kuliandika sukari," dada alimjibu. "Kuran inapita kwenye maandishi ao inapita kwenye shaba?"

Muuzaji alicheka, akaingia nyuma akaleta bunda jingine. Hilo lilikuwa la kweli. Tulinunua pia disjonkteri tatu, moja ya resho, moja ya konjelateri na moja kubwa ya nyumba nzima, vile vikata-umeme vya kisasa ambavyo huwezi kuvifunga na uzi wowote: mzigo ukizidi vinaanguka, na unapoondoa mzigo unavipandisha tena kwa kidole.

Nilifanya kazi umeme mkuu ukiwa umezimwa, na kabla ya kugusa waya yoyote nilihakikisha kwa kipimo kwamba haina umeme. Nilivuta waya mpya juu ya ukuta, ndani ya bomba la plastiki, moja kwa resho na moja kwa konjelateri. Waya za zamani nikaziachia taa tu, na kwenye fizibu yao nikatoa nyuzi za dada nikatia uzi wake wa kawaida. Jambo jingine lilinisumbua. Dada alikuwa amesema, kama mzaha, kwamba konjelateri humtekenya anapoigusa na mikono yenye maji. "Inakusalimia," mke wangu alimwambia. Haikuwa salamu. Umeme kidogo ulikuwa unavuja kwenye bati lake, na mtu anayeosha samaki siku nzima ana mikono na miguu ya maji. Nilifungua nyuma, nikakuta waya imechubuka mahali inapopita chini ya motori, nikaibadilisha. Kisha nikapigilia nondo ya shaba ndani ya udongo mbichi karibu na bafu, nikaiunganisha na bati la konjelateri, ili umeme ukivuja tena upate njia ya ardhini kabla ya kupata mwili wa mtu.

Tulipowasha konjelateri peke yake, ilikwenda vizuri. Resho peke yake, vizuri. Tulipowasha vyote viwili, maji yalipokaribia kuchemka motori ya konjelateri ikaanza kuzunguka, na disjonkteri kubwa ya nyumba ikaanguka. Motori inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inavyovuta ikishatulia.

"Weka kubwa zaidi," mke wangu alisema.

Hilo ndilo nisiloweza kufanya. Waya za ndani sasa zilitosha, lakini kamba inayotoka kwenye nguzo si yangu, na inalisha nyumba kadhaa za mtaa. Disjonkteri ya nyumba ilipimwa kwa ajili ya kamba hiyo. Kuweka kubwa zaidi kungekuwa sawa na zile nyuzi za dada, ila mahali pa juu zaidi. Kamba nene tuliiomba kampuni ya umeme, tunaendelea kuiomba.

Kwa hiyo resho au konjelateri, si vyote. Kuwaambia tu watu wakumbuke hakutoshi, kwa sababu mtu mwenye njaa hakumbuki. Nikaifikiria inverseri. Kila mwenye jenereta Kalemie anaijua: swichi yenye mkono mmoja, ukiupeleka huku nyumba inachukua umeme wa mjini, ukiupeleka kule inachukua wa jenereta, na haiwezekani kuchukua vyote pamoja. Mimi niliifunga kinyume. Umeme unaingia mmoja, unatoka njia mbili: mkono juu, resho, mkono chini, konjelateri. Konjelateri iliyojaa na kufungwa vizuri hubaki na baridi yake muda mrefu kuliko sufuria ya maharage inavyohitaji kuiva. Dada alilisikia hilo, akaniangalia kama mtu anayeambiwa aache mtoto wake kwa jirani.

Wiki kadhaa zilipita bila shida. Alijaza konjelateri hadi juu kwa samaki wa Zongwe, kwa pesa zote alizokuwa nazo, kwa sababu upepo ulikuwa unaanza kuzidi na alijua boti zitakaa.

Kisha ikatokea siku ambayo umeme ulikatika asubuhi, mke wangu akiwa ameshapeleka mkono juu. Alingoja, akachoka, akazima resho, akapika kwa makala, mkaa wa kawaida, akaenda kuuza vitenge vyake. Umeme ulirudi kabla ya adhuhuri, ukakuta mkono uko juu na resho imezimwa. Dada alikuwa sokoni tangu alfajiri, mimi bandarini. Tulirudi jioni, dada mbele. Nilimsikia kabla ya kufika mlangoni.

"Samaki yangu! Wifi, umeniua!"

Mke wangu alikuwa ameingia muda huo huo, hata kitenge cha kichwani hajakifungua. "Yaya, nisamehe. Nilisahau ile mukono."

Nilishusha mkono, motori ikaanza. Dada alikwisha kushika kifuniko.

"Usifungue," nilimwambia.

"Niache nione kama wameoza!"

"Ukifungua, unatoa baridi iliyobaki. Wamejaa, kila samaki ni barafu ya mwenzake. Tungoje asubuhi."

Alikiachia kifuniko kwa shida. Mke wangu alileta blanketi ya kitandani kwetu, akaifunika juu na mbele, akaacha wazi nyuma penye motori kama nilivyomwonyesha. 

Asubuhi dada alifungua mwenyewe. Samaki wa juu walikuwa wametoa jasho kisha wakaganda tena, ngozi imepoteza mng'ao. Hao tuliwala sisi. Chini yao wote walikuwa wagumu kama mawe. Alimgonga mmoja kwenye ukingo wa konjelateri, akasikiliza mlio wake, akamrudisha.

Kisha alikwenda jikoni, mke wangu akiwa anawasha resho kwa chai.

"Wifi, sikiliza. Ile swichi ina mukono moja, lakini sisi tuko wawili. Nipe jiko."

 Jiko lilikuwa lake tangu tuoane, na mwanamke hapokonywi jiko na wifi yake hivi hivi. Nilikuwa mezani nangoja chai. Hapo hapakuwa na hesabu ya kunisaidia.

"Utapika kila siku?" mke wangu aliuliza.

"Kila siku. Wewe uende soko mapema, usikimbie tena na sufuria. Mimi nitajua sufuria imeingia saa ngapi na samaki wamekaa muda gani bila kuran."

"Na chumvi? Ninyi wa Moba munatia chumvi kama mko na deni na ziwa."

"Ile chakula yenu njo haina ladha. Mudogo wangu amekonda."

"Mimi sijakonda," nilisema, lakini hawakuwa wananiuliza.

Mke wangu alimpa mwiko.

Dada alipanga mambo yake vizuri kuliko mimi. Anapika mchana mara moja, chakula cha mchana na cha jioni pamoja, jua likiwa juu, saa ambazo umeme wa mtaa una nguvu. Akimaliza anashusha mkono na kusikiliza motori ianze ndipo anapakua. Umeme ukikatika, hatua yake ya kwanza ni kushusha mkono. Siku upepo ulipozuia boti aliuza samaki wake wote, akanunua wengine.

Baada ya miezi kadhaa shemeji yake mmoja wa Moba alipita Kalemie akaja kumsalimia. Alisema wazee wamefikiri upya, chumba chake kipo, arudi. Dada alimwekea bugali na kuhe, akamngoja ale kwanza.

"Asante kwa kunikumbuka," alimwambia. "Lakini hapana. Nikienda, hapa nani atapika?"