Nyasi za Pateriki

Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi yangu Rawinia hushuka kwenye vilima vya mchanga na kung'oa nyasi alizopanda mume wake. Hung'oa kiasi cha kujaza mikono miwili, hakuna zaidi, kisha hukung'uta mchanga kutoka kwenye buti lake la kushoto lenye tundu na kurudi nyumbani.

Babu Pateriki alipokuwa kijana alipewa kazi ya kupanda nyasi hizo za kigeni ili mchanga usivamie malisho. Alizipanda vizuri mno. Zilitambaa hadi kwenye uzio wa makaburi yetu na kuisonga pingao, nyasi yetu ya asili ya mchangani, ambayo majani yake yakikauka huwa ya dhahabu bila kutiwa rangi. Kuta za nyumba yetu ya mikutano zimesukwa kwa majani hayo. Ukuta wa mwisho aliusuka bibi, na tangu hapo hajakata hata jani moja, kwa sababu ghuba nzima ilibakiwa na mashina saba tu, yote chini ya makaburi, upande wa baharini. Juma moja baada ya kumzika babu, alianza kung'oa hapo.

Hohepa, mdogo wake babu, alikuja akasimama langoni.

"Shemeji, hizo nyasi ndizo zinazomshikilia kaka yangu. Ukizimaliza ataamka na mchanga mdomoni, akudai chai."

"Aamke tu. Ataikuta imepoa, si amezoea?"

"Sitanii, Rawinia."

"Wala mimi. Haya saba yakifa, wajukuu watasukia nini? Kamba za plastiki?"

Kila alipong'oa alipanda mche wa pingao aliouotesha mwenyewe kwenye kopo la maziwa, kutokana na mbegu za yale mashina saba. Miche hiyo ilikuwa miembamba kama nywele za mtoto mchanga. Alisema ikipata miaka miwili itaushika mchanga yenyewe.

Ilipata miezi mitano. Mwezi wa nane upepo ulivuma kutoka baharini siku tatu mfululizo. Siku ya nne tulishuka wote. Pale bibi alipong'oa palikuwa na shimo, na mchanga wake ulikuwa umeruka uzio. Jiwe la kaburi la babu halikuonekana. Miche haikubaki hata mmoja. Kati ya mashina saba yalibaki mawili.

Hohepa alichimba kwa koleo, halafu kwa mikono, mpaka akaifikia picha ya babu iliyobandikwa kwenye jiwe. Akaifuta kwa mkono wa sweta.

"Samahani, kaka," alisema. Kisha, bila kugeuka: "Acha sasa, shemeji. Nakuomba."

Bibi alichota mchanga kwa viganja akautupa nje ya uzio, akachota tena, mpaka Hohepa alipomshika bega. Tulipotoka tulinawa, kama desturi yetu tukitoka makaburini, kwa maji ya chupa iliyoning'inia langoni. Bibi alinawa muda mrefu kuliko sisi wote.

Kesho yake nilimkuta jikoni amekaa na mabuti miguuni, chai mbele yake. Hakuwa ameshuka. Nilikaa karibu naye nikamuuliza.

"Bibi, kama ungejua, ungeziacha?"

"Ningezing'oa," alisema. "Ila ningeanzia upande ule mwingine, wa malisho."