Filamu Iliyoanikwa Vichanjani

Yule Mzungu alifika kijijini kwetu Iyula na kamera yake, akasema hana hadithi ya kutuigizisha. Filamu itakuwa yetu sote, kila mmoja achague la kupiga picha. Akili ni nywele, tukasema, na zake zilikuwa nyekundu. Mmoja akachagua kwato za ng'ombe, mwingine moshi wa jikoni. Mama yangu alichagua mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akimfukuza kuku uani.

Utepe wa filamu tuliuosha wenyewe kwa dawa zake, kwenye ndoo. "Sasa ukaushwe vizuri," alisema, akaenda kulala maana homa ilimzidi. Kwetu Mbozi kukausha vizuri ni kukausha kama kahawa, hakuna kwingine. Mama aliutandaza juani juu ya vichanja, akashinda akiugeuza na kuupapasa kwa viganja, asije akaitwa mvivu. Mzungu alipoamka alicheka tu, akaukunja, akasafiri nao.

Mvua zilipoanza, surua ilimchukua mdogo wangu. Hatukuwa na picha yake nyingine. "Nitamwona tena akitembea," mama alikuwa akiniambia, na ni hilo tu lililomwinua asubuhi.

Mzungu alirudi na wageni wawili kutoka Ulaya, watu wa kukusanya filamu zisizo za kawaida. Walitaka kuinunua. Shuka likatundikwa kanisani, tukakaa. Zikapita kwato, ukapita moshi, akatokea kuku. Nyuma ya kuku kulikuwa na madoa meupe yanayochezacheza. Nilidhani mashine imeharibika. Vikaonekana vidole vya mguu mdogo, navyo vikayeyuka.

Wageni walikuwa wamesimama, wanapiga makofi. Wakaomba kipande kile kirudiwe, kikarudiwa, na mtoto akapotea mara ya pili mbele ya macho yetu. Mpaka leo sijui nilipata wapi nguvu ya kubaki nimekaa.

"Wanasema hicho ndicho kinachowafanya waitake," Mzungu alitufasiria, uso umemjaa furaha. Hakuwa na habari za msiba wetu. "Nimewaambia urembo huo umetokana na mikono ya mama huyu, siku ile alipokuwa anakausha."

Wageni wakamjia mama, wamenyoosha mikono wampongeze. Mama hakuwaangalia. Aliviangalia viganja vyake.

"Kumbe ni mimi niliyemfuta mwanangu," alisema.