Kadi Tisini na Sita za Shemeji

Saa saba na dakika arobaini mchana, siku ya Ijumaa, mvua ya kwanza ya msimu ilianza kunyesha Masasi, na shemeji yangu akatoka mbio kwenda uani kuokoa karatasi zangu. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa msikitini na nilitazama saa ya ukutani niliposikia matone juu ya bati. Nilijua karatasi zimeanikwa nje. Nilijua pia kwamba shemeji yupo, na kwamba amezaliwa na kuzeeka katika kazi ya kuanika korosho. Nikaendelea kusali bila wasiwasi.

Shemeji huyo alikuwa mjane wa mdogo wangu. Aliishi Kitangari, juu uwandani, ambako maji hufuatwa bondeni. Alikuwa akishuka alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, mara tatu kwa siku, moja ya nyumbani na mbili za kuuza. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba. Mwaka ule tajiri mmoja alikuwa amefungua duka la pembejeo Newala mjini, maana biashara ya dawa za mikorosho ilikuwa imeachwa huru na kila mwenye mtaji aliuza. Alitaka muuzaji mmoja, awe mwanamke, ajue kusoma, na ajibu maswali ya dawa mbele yake. Mshahara wa kila mwezi. Shemeji alimaliza darasa la saba. Akanijia Masasi, akapiga goti lile bovu, akasema, "Shikamoo shemeji. Nifundishe. Nimechoka na ndoo."

Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika kilichokufa. Tulipopunguzwa kazini, wengine walidai fedha na hawakuzipata. Mimi niliomba mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na nikapewa pamoja na stensili nusu boksi. Sikusoma sekondari. Yote ninayoyajua niliyapata katika vitabu vya kuazima, na njia niliyojifunzia ilikuwa ya kadi: swali mbele, jibu nyuma. Unajiuliza, unajibu, unageuza, unajisahihisha. Kwa miaka mingi niliziandika kwa mkono. Sasa nilikuwa na mashine, na nilipata wazo la kuzichapa na kuziuza kwa wenye maduka ya pembejeo. Tajiri wa Newala angekuwa mteja wa kwanza.

Nilikusanya maswali tisini na sita kutoka vijitabu vya kilimo. Kila karatasi ilibeba kadi nane, safu mbili, mistari minne. Kazi ya kuchapa pande mbili ina mtego mmoja: karatasi ikigeuzwa, kilichokuwa kushoto huenda kulia. Kwa hiyo nilipoyapiga taipu majibu, niliihamishia safu ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ili kila jibu liangukie nyuma ya swali lake. Nililipima jambo hilo kwa rula. Kitu kimoja sikukiweka, namba za kadi. Niliona zitachafua sura.

Tulichapa seti mbili tu za majaribio, moja yake, moja yangu. Asubuhi upande wa maswali, kisha karatasi zikaanikwa uani juu ya jamvi, wino ukauke. Moja niliiacha mezani kama kipimo.

Niliporudi kutoka msikitini nilizikuta ndani, zimepangwa vizuri, upande mweupe juu, hata moja haijalowa.

"Umezigeuza tayari?" nikamuuliza.

"Nimekunja jamvi kama la korosho, shemeji. Mvua haikuona hata herufi moja."

Nikamsifu. Alikuwa ameniokolea karatasi na kazi ya kuzigeuza. Nikachukua ile moja ya mezani, nikaigeuza mwenyewe, nikaichapa majibu, nikaiinua dirishani kwenye mwanga. Kila jibu lilikaa sawasawa nyuma ya swali lake. Basi nikazipitisha zote zilizobaki, na ile ya kipimo, ambayo ilikuwa na alama za vidole vyangu, nikaichoma na kuchapa nyingine kwenye karatasi ya akiba ya maswali aliyoigeuza yeye. Jumamosi tulizikata kwa wembe, na akapanda gari kurudi Kitangari na seti yake ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Nilimpa onyo moja tu kabla hajaondoka. "Usiingize akili yako humo. Watu wa shamba mnadhani mnajua dawa kwa sababu mmezaliwa chini ya mikorosho. Soma kadi kama ilivyoandikwa."

"Nimesikia, shemeji."

Jumatano, utingo wa lori la korosho alinikuta dukani nikinunua sukari. "Mzee, shemeji yako wa Kitangari anakusalimu sana. Anasema kadi zote zimemkaa kichwani, ila ya ubwiriunga na ile ya dumuzi zinamtatiza. Anauliza, ndivyo zilivyo?"

Watu walikuwepo. Niliona ananihoji mbele za watu. Nikajibu, "Mwambie asome kama ilivyoandikwa."

Alhamisi mchana nilichukua seti yangu kwa mara ya kwanza. Kadi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza maua ya mikorosho, ilikuwa juu. Nikaigeuza kwa pembeni kama ninavyogeuza ukurasa wa kitabu, na maandishi yakaja kichwa chini. Nikaizungusha nikasoma: dawa ya maji, pampu ya mgongoni, jioni. Hilo lilikuwa jibu la mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Nikachukua nyingine, na nyingine. Nilikaa chini na kuzipanga zote mezani, nane nane.

Sikuhitaji muda mrefu kuelewa. Anayekunja jamvi la korosho mvua ikija, hushika pembe za mbele na kulivuta kuelekea miguuni pake. Karatasi zote zilikuwa zimepinduka kwa pamoja, kichwa kikaenda miguuni. Mimi nilizipitisha mashineni nikidhani zimegeuzwa kwa ubavu. Jibu la kwanza lilikuwa nyuma ya swali la nane, la pili nyuma ya la saba, na kuendelea hivyo katika kila karatasi. Na shemeji hakuweza kuona kasoro ya maandishi, kwa sababu hata kadi alikuwa akizigeuza kwa mkono uleule wa korosho, kuelekea kwake, na zikigeuzwa hivyo herufi husimama wima.

Hakuna kadi hata moja iliyokuwa sahihi. Na zote zilikuwa zimemkaa kichwani.

Usaili ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kulikuwa na gari la abiria Ijumaa. Nilifikiri kwa utaratibu, kama ninavyofikiri kila jambo. Jumamosi lori la korosho lingenichukua bure hadi Newala, kwa sababu dereva alikuwa rafiki yangu, na lilizoea kufika saa mbili. Muda wa saa mbili kabla ya usaili ungetosha kumweleza. Kulipa nauli ya Ijumaa, kisha Jumamosi kwenda tena kwa tajiri, kungekuwa kufanya safari moja mara mbili. Tena nilikuwa na kazi: stensili zilikuwa bado nzima, na seti ya kumwonyesha tajiri ilipaswa kuwa safi. Ijumaa nikachapa upya seti yangu, nikaipima karatasi moja moja dirishani.

Lori lilifika saa nne na robo. Dereva alikuwa amesimama njiani, Chiungutwa, kubadilisha gurudumu.

Duka lilikuwa limejaa. Tajiri aliketi nyuma ya kaunta na daftari lake, wateja wameegemea magunia, na wasailiwa wawili walikuwa wamekwisha kujibu nusu nusu. Shemeji alikuwa amesimama katikati na khanga yake mpya. Aliponiona mlangoni uso wake ulitulia.

"Haya mama," tajiri akasema. "Hili ni rahisi. Mikorosho ina ubwiriunga. Utamuuzia mteja nini?"

"Dawa ya maji. Apulizie jioni kwa pampu ya mgongoni."

Mzee mmoja akacheka puani. "Salfa imefutwa lini, mwanangu?"

"Mwache," tajiri akasema, "labda ana dawa mpya kutoka Ulaya. Na mbu wa mikorosho?"

"Salfa ya unga. Alfajiri, umande ungalipo."

Sasa walicheka wengi. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani, huyu si ndiye anayeuza maji? Kila kitu kwake ni maji na umande!"

Shemeji alikuwa akipulizia mikorosho salfa na wenzake tangu usichana wake. Mikono yake ilijua. Nilimwona anasita, midomo inataka kusema kitu kingine, kisha anajizuia.

"La mwisho," tajiri akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Mahindi ghalani yameingiwa na dumuzi. Unafanyaje?"

Shemeji akageuza shingo akanitazama. Duka zima likageuka kufuata macho yake. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na seti safi ya kumwonyesha tajiri. Nikasema moyoni kwamba nikifungua mdomo, hakuna atakayenunua kadi zangu. Nikainamisha kichwa, nikatazama mkoba.

Alidhani nimeitikia.

"Tone moja," akasema kwa sauti iliyonyooka. "Jichoni. Na urudie baada ya miezi mitatu."

Hilo lilikuwa jibu la chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku.

"Dumuzi ana macho mangapi, shangazi?" mtu akapiga kelele. "Atashikwa na nani akiwekewa?" Mzee wa salfa alikaa chini kabisa, akapigapiga gunia kwa kiganja. Tajiri alifunga daftari. Kazi akapewa msichana aliyekuwa amejibu swali moja kati ya matatu.

Kelele zilipopungua nilitoa seti yangu, nikaiweka juu ya kaunta. Tajiri aligeuza kadi ya ubwiriunga, akasoma mbele na nyuma, akageuza ya dumuzi. "Mzee, hii kazi safi sana. Hizi ndizo alizopaswa kusoma yule mama."

Shemeji alikuwa bado barazani, hatua tatu kutoka pale, akifunga upya khanga.

"Kweli," nikasema.

Akaagiza seti kumi.

Nilimkuta nje ameshika lile kopo la maziwa. Alinikabidhi kwa mikono miwili. "Zako hizi, shemeji. Hazijapungua, nimezihesabu. Zitamfaa mwenye kichwa." Kisha akasema, "Nisamehe nimekuaibisha. Nilidhani sikuzielewa zile mbili, kumbe zote sikuzielewa."

Nilipokea kopo. Nilimwambia asijali, kusoma si kwa kila mtu. Hayo ni maneno yangu, na sijawahi kuyarudisha. Kumwambia ukweli ningeweza siku ile, na wiki ile, na mwaka ule. Kila mwaka uliongeza aibu ya kutosema mwaka uliotangulia.

Siku hizi akipata barua humpa mtu mwingine amsomee. Wajukuu wakimpa daftari aone alama zao, husema macho yake hayafai, ingawa uzi hupenyeza mwenyewe kwenye sindano. Ndoo aliibeba miaka minane tena, mpaka goti lilipokataa kukunjuka.

Nauli ya Ijumaa, kwenda na kurudi, ilikuwa shilingi elfu mbili na mia nne. Nilizirudisha nyumbani zote.