Dakika Tano Nilizomnyima Faith Mjini Kampala

Leo nimemkosea mtoto wa watu, na sina wa kulaumu ila mimi.

Mnajua niko Kampala kwa ziara na wanafunzi wa Gredi ya Nane wa shule yetu ya Makina, wengi wao hawajawahi kuvuka mpaka.

Mchana tumetoka makumbusho. Basi limewashwa, lakini Faith amesimama getini, hataki kupanda.

"Mwalimu, naomba dakika tano."

"Za nini?"

"Kuna mtu nangoja."

Msichana wa miaka kumi na minne, mji wa wenyewe, anangoja mtu. Akili yangu ikaenda kwa vijana moja kwa moja.

Nikamfokea mbele ya wenzake. Nikamwambia anatuaibisha. Akapanda. Wenzake wakacheka, na mimi sikuwanyamazisha.

Jioni tukila, rafiki yake akaninong'onezea: "Mwalimu, alikuwa anangoja mamake."

Mamake anasuka nywele huku Kampala. Faith analelewa na nyanyake kule nyumbani, mtaa wa Silanga. Hawajaonana miaka minne.

Nikampigia mamake simu. Kumbe aliomba ruhusa kazini, akafika tukiwa tumeondoka tu. Akangoja pale getini saa nzima akidhani bado tuko ndani.

Nikamwomba msamaha. Akasema polepole, "Sawa mwalimu, ulikuwa unachunga watoto."

Heri angenitusi.

Kesho asubuhi atakuja hapa hosteli kabla tuondoke, na dereva amekubali kungoja. Nimemwambia Faith. Amejibu "asante mwalimu" bila kuniangalia.

Walimu wenzangu, nisaidieni. Nilimfokea mbele ya darasa. Nikimwomba msamaha mbele ya darasa, si nitamwaibisha mara ya pili?