Samoni wa Tope na Njaa ya Mama Mkwe

Sikuondoka Durban kwa ajili ya starehe. Niliondoka kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Alitujia kutoka Uvira baada ya kumzika mumewe, na tangu aingie kwenye fleti yetu hapa Greyville chakula chake kilikuwa chai ya rangi na kipande cha mkate ambacho hata hakimalizi. Mke wangu, Neema, alinieleza shida ilipo. Katika ukoo wao, mjane hashibi mpaka mkwe wa kiume amtoe samaki majini kwa mkono wake mwenyewe na kumweka mbele yake. Wa dukani hahesabiwi. Na mkwe wa kiume ni mimi peke yangu, fundi wa simu, mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika bila kuwahi kushika ndoano. Jamani! Wenzangu walipokuwa wanavua, mimi nilikuwa nacheza mpira.

Dukani kwangu nikamweleza haya Uncle Ravi, mteja wangu, Mhindi wa Sydenham ambaye simu yake ina picha nyingi zaidi za samaki kuliko za wajukuu. Kisha nikamuuliza: "Mtu asiyejua kitu aanze na samaki gani?"

"Mtoni? Daga salmon, my friend. Jumamosi twende."

Mimi nikasikia daga, nikaelewa dagaa. Samoni anayekula dagaa! Kumbe mambo yenyewe ni rahisi hivi? Nikaenda kwa Mrundi mmoja anayeuza vyakula vya kwetu, nikanunua mfuko mzima wa dagaa wakavu wa Tanganyika, wale tunaowaita ndagala. Uncle Ravi akanielekeza pa kupata kibali cha kuvua, na mimi nikajiona mvuvi kamili.

Jumamosi alfajiri tulitoka Greyville, gari ya Uncle Ravi mbele, yetu nyuma. Neema alikaa kando yangu, na mama mkwe akakaa nyuma ya kiti changu, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawazungumzi uso kwa uso. Maneno yote yalipitia kwa Neema.

"Mwambie mkwe apunguze mwendo."

"Baba Esther, mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimesikia."

Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza, lakini heshima ni heshima. Tukaenda hivyo kuelekea kusini, tukaipita Amanzimtoti, bahari mkono wa kushoto na miwa mkono wa kulia, vilima kwa vilima. Mto wenyewe sitautaja jina. Uncle Ravi aliniapisha, na wavuvi wa Durban husamehe mengi, hilo hapana.

Jua lilipochomoza tukafika mdomoni mwa mto. Nilizima gari nikabaki nimekaa. Mto ulikuwa unakuja na rangi ya chai ya maziwa, mpana, bila haraka, na bahari ya buluu ilikuwa inaupokea kwa kishindo. Pale vinapokutana palikuwa na mstari, upande huu tope, upande ule buluu, na mstari ule ulikuwa unacheza kama kitu chenye uhai. Nimeishi Durban miaka mingi na sijui nilikuwa naangalia wapi. Mama mkwe alishuka, akavua viatu, akasimama mchangani na mikono kifuani.

Nikatoa mfuko wangu wa dagaa kwa fahari. Uncle Ravi akatazama ndani, akanitazama mimi, akatazama tena ndani.

"Hii ni nini?"

"Si ulisema samoni wa dagaa?"

Weee, alicheka mpaka akaketi chini! Alipopata pumzi akanieleza kwamba daga imetoka kwenye neno la Kizulu, udaka, yaani tope. Samaki huyu hupenda maji machafu, ndiyo maana wakamwita samoni wa tope. Na wala si samoni yule wa kopo mwenye nyama ya pinki. Wenyeji walimpa tu jina hilo. Nilijaribu dagaa mmoja kwenye ndoano hata hivyo, kwa ubishi. Alilowa akakatika kichwa kabla sijamrusha.

Basi Uncle Ravi akanifungulia sanduku lake. Palikuwa na kamba wabichi, vipande virefu vya ngisi, na visamaki vya plastiki vya kila rangi. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye kimoja chekundu chenye kung'aa.

"Nani anakula, wewe au samaki?" akaniuliza. "Kwenye maji haya samaki haoni mbali. Anasikia mtikisiko na harufu. Chukua hiki cheusi chenye mkia mpana. Mkia unapiga maji, yeye anasikia. Na uvute polepole."

Nikavuta kama mtu anayefukuzwa na polisi. Nikarusha, nikavuta, nikarusha tena, mpaka bega likauma, na mto haukunijibu kitu. Bahari ilikuwa imeanza kujaa na kuusukuma mto urudi juu.

"Plastiki inataka mkono uliozoea," akasema Uncle Ravi, bila kunidharau. "Wewe tumia kilicho hai. Kitafanya kazi badala yako." Akatupa kimia chake kwenye maji ya kina kifupi, akatoa mkizi mmoja mdogo anayerukaruka kwa ghadhabu. Nikamwambia kwetu tunasema hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Akaniomba niseme mara mbili, akapenda sana. Tukamtia mkizi ndoano nyuma ya shingo, taratibu asife, tukamwacha aogelee penye ule mstari wa tope na buluu.

Saa nne hivi, ufito wangu wa kuvulia ulipinda. Haukutikisika, ulipinda tu, na mshipi ukaanza kunitoka. Nikapiga kelele. Na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo haijawahi kuniita hata siku moja.

"Mkwe! Usilegeze kamba! Mkwe!"

Mama mkwe alikuwa amekuja mpaka majini, kitenge kimelowa hadi magotini, na alikuwa anazungumza na mimi! Nilivuta, nikampa mshipi, nikavuta, mpaka samaki akalala mchangani mbele ya miguu yake.

Mungu wangu, nilikuwa sijui kwamba tope linaweza kuzaa kitu kama kile. Fedha yenye wekundu wa shaba, zambarau kidogo mgongoni, na ubavuni mstari wa vidoa vinavyong'aa. Nilipomshika akalia. Ndiyo, alilia, sauti nzito kama ngoma inayopigwa chumba cha jirani, ikapita viganjani mwangu mpaka kifuani. Neema akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

Uncle Ravi akamlaza kwenye kipimo. Mkia ulikuwa haujafika alama, umepungua vidole vitatu hivi.

"Anarudi," akasema.

"Uncle, huyu si wa mchezo. Nilikueleza."

"Ulinieleza. Sheria inasema bado ni mdogo."

Ufukwe ulikuwa mtupu, hakuna wa kutuona. Nakiri nilimchukia mzee yule kwa muda. Nikamgeukia Neema aniombee kwa mama yake, lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kupiga magoti. Aligusa ubavu wa samaki kwa kidole.

"Mkwe," akaniambia, uso kwa uso, "huyu iko mtoto. Desturi inasema atoke majini, awekwe mbele yangu. Umeniwekea. Haikusema nimuue. Murudishe kwa mama yake."

Nikaingia majini, nikamshika kichwa kikitazama mkondo mpaka akapata nguvu. Alipiga mkia mara moja, akapotea kwenye tope.

Adhuhuri tulianza safari ya kurudi. Niliwaza mambo niliyojifunza: anayeanza asichague chambo kwa macho yake wala kwa lugha yake, aulize kwanza maji ni ya namna gani na aliyemo ndani anakula nini. Lakini moyo ulikuwa mzito. Maneno mazuri ya ufukweni ni kitu kimoja, sahani ni kitu kingine, na kama jioni angeomba tena chai ya rangi, sikujua ningefanya nini.

Tulipokaribia Amanzimtoti mkono ukanigusa begani kutoka nyuma. Neema aligeuka, tayari kupokea ujumbe. Hakupewa.

"Mkwe," akasema mama, "simamisha gari. Nasikia njaa."