Bia Niliyoipikia Sendofu ya Neema

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha bia Mpishi Mkuu hakunionyesha mtambo wala hakunipa koti. Alinijazia kiganja maua makavu ya kijani.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana kwa woga nilikuwa hata sijamwamkia.

"Marahaba. Nusa."

Nikanusa. Nilikuwa binti wa Kichagga niliyekulia penye pombe ya ndizi, nikidhani hakuna harufu ya pombe nisiyoijua. Hii sikuijua: ganda la limau, nyasi mbichi, na kitu kama pilipili manga. Zile zilikuwa hopsi, maua ya mmea unaotambaa, ambayo huipa bia uchungu na harufu yake. Jioni nilirudi Kariakoo kwa shangazi nikamlazimisha anuse viganja vyangu.

Nilianzia chumba cha upishi. Huko kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, hulowekwa kwenye maji ya moto mpaka wanga wake ugeuke sukari. Maji yale matamu yalikuwa na jina la kizungu. Mimi niliyaita togwa, na haikupita muda Msimamizi wa Zamu naye akawa anapiga kelele, "Aikande, togwa limechemka?" Nikahamishiwa vyumba vya kuchachushia, ambako hamira hula ile sukari na kuacha kilevi. Msimamizi wa kule alikuwa mama mkali. "Hamira haitaki joto," alikuwa akisema. "Ikiungua, utamu wote umekwenda."

Mwishowe nikawekwa meza ya kuonja. Hapo ndipo nilipopata wazo la bia nyepesi, yenye kilevi kidogo, ya mtu kukaa nayo mchana kutwa akiongea na wenzake, lakini yenye harufu ya hopsi ya kujaza chumba. Mpishi Mkuu aliniruhusu kujaribu kwenye mtambo mdogo. Tulipunguza kimea, tukazidisha hopsi, tukachemsha weee. Ikatoka nyembamba, chungu kama shubiri. Meneja wa Uzalishaji alionja, akatema kwenye sinki.

"Mama, hii ni dawa ya minyoo!"

Wote walicheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nimeshaona tulipokosea. Nikaomba kurudia. "Soko linataka bia kali, ya kushtua," Mpishi Mkuu alinijibu, na mtambo sikupewa tena. Nilistaafu na jibu langu kichwani.

Basi mwanangu Neema akachumbiwa, na sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, ikapangwa.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Baba mkubwa anipe baraka akiwa bado analijua jina langu."

Baba mkubwa wake ni Elisante, kaka wa marehemu mume wangu. Ana ulimi wa dhahabu mpaka chupa zianze kufunguliwa. Kwenye sendofu ya binamu yake Neema alimbariki bibi harusi kwa jina la mama mkwe, kisha akarudi kuketi, akakalia keki. Na kumnyima bia mzee yule mbele za watu ni kuvunja ukoo.

Nilisimama palepale jikoni nikacheka peke yangu kwa furaha. Kazi yangu ilikuwa imenirudia: bia nyepesi ya kumnywesha Elisante!

Fundi wa mtaa wa Gerezani alinikunjia koili, bomba la shaba la kupozea. Hopsi aliniletea mwanangu wa kiume anayefanya kazi Afrika Kusini. Kimea nilitia kidogo, pamoja na oti za uji, nikaviloweka kwenye maji ya moto zaidi kuliko tuliyotumia kiwandani. Joto lile huacha sukari nyingine isiyolika na hamira, bia ikapata uzito mdomoni bila kilevi kingi. Hopsi nikachemsha chache tu. Nyingine zote nikazitia baada ya kuzima gesi, harufu isikimbie na mvuke.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Hetal, jirani yangu Mhindi mwenye duka la viungo chini ya ghorofa letu. Hanywi pombe kabisa.

"Dada Aikande, unapika nini? Ngazi nzima inanukia!"

Nikamwonyesha. Kesho yake nilimhitaji kweli, maana hamira ilipokolea kazi umeme ukakatika. Feni ikasimama, na ndoo niliyochachushia bia ikaanza kupata joto. Nilimsikia yule mama mkali wa kiwandani masikioni mwangu. Nikashuka mbio dukani.

"Mama Hetal, barafu!"

"Friza yangu iko kwenye jenereta. Beba yote, nami nakuja."

Tuliiweka ndoo kwenye beseni la barafu, tukaifunga khanga zilizolowa, tukawa tunazilowanisha tena na tena huku tukipepea kwa magazeti mpaka umeme uliporudi. Bia ilipotulia nikaongeza hopsi nyingine, safari hii bila moto, kisha nikafunga chupa.

Siku ya sendofu Elisante alipokea glasi ya kwanza, akanusa, akaionja.

"Shemeji, hii umetia nini?"

"Maua."

"Leta nyingine."

Alikunywa mchana kutwa. MC alipomwita, alisimama wima, akashika maiki, akamtaja Neema kwa majina yake yote na ya babu na bibi zake. Akaeleza jinsi bonde la Jangwani lilivyofurika siku aliyozaliwa, hata baba yake akavuka akiwa na viatu kichwani. Neema alilia. Mimi nililia. Mama Hetal, na soda yake mkononi, alilia kutushinda wote. Kisha mzee akarudi kwenye kiti chake, akakaa barabara.

Vijana huniuliza kama kustaafu kunachosha. Miaka yote ile nilipika bia za watu wengine, na nilijifunza kwao kila ninachokijua. Sasa napika yangu, na kila ninapowasha jiko naanza kwa kunusa hopsi kiganjani, kama siku ile ya kwanza.

Jana Neema alinipigia simu. "Mama, kaa chini kwanza. Unapata mjukuu. Utatupikia bia ya ubatizo?"

Sikukaa. Nilikuwa nimeshafungua kabati la kimea.