Siku Mama Aliponihama Uwanjani

Siku ile naikumbuka sana, mwanangu, maana ndiyo siku mama yangu mzazi alinihama mbele za watu.

Enzi hizo za Mwingereza, huku kwetu Shinyanga, jumba la maigizo hatukulijua. Tulikuwa na uwanja wa ngoma. Mtama ukishavunwa, makundi mawili yanakutana, kila moja na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, yanaimba kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule. Mwamuzi hakuna. Watu wanakwenda wanakopendezwa, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Habari zote tulizisikia pale, na mtemi akikosea aliimbwa naye yupo, anasikia.

Mimi nilikuwa manju, kijana, kiburi tele, sikufichi. Manju wa upande wa pili aliitwa Masanja. Nilipoona watu wanamwendea, nikamtungia wimbo palepale: kwamba mwaka wa nzige baba yake alizunguka na kikapu akiomba mhogo nyumba kwa nyumba. Nikaigiza na mwendo wa yule mzee, mgongo nimeukunja, mkono mbele. Wapiga ngoma wangu wakacheka.

Watu hawakucheka. Mama akainuka, akachukua kigoda chake, akavuka uwanja taratibu mpaka kwa Masanja. Wengine wakamfuata. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani nilimwamkia, akaitikia kwa shida.

"Mwaka ule wa nzige ulikula nini?" akaniuliza.

"Mhogo, mama."

"Ulitoka wapi?"

Akaweka kigoda chake chini, akakaa.

"Nilikwenda kuomba pamoja na yule mzee. Kikapu kimoja, tumeshika wawili."

Mavuno yaliyofuata niliiimba njaa ileile, ila safari hii mwombaji alikuwa mama yangu, na mimi ndiye mlafi niliyekaa ndani nangoja kuletewa. Watu walicheka mpaka machozi. Masanja alishinda tena, kwa tofauti ya watu wachache tu, lakini mama hakubanduka upande wangu. Nilirudi nyumbani nimembebea kigoda chake, moyo mweupe.

Basi wewe unayetaka kupanda jukwaani, waseme wakubwa wanapokosea, chekesha watu, jicheke na wewe mwenyewe. Ila shida ya mtu usiifanyie mzaha kabla hujauliza kwenu mlikula nini. Mungu akupe sauti, mwanangu, na akupe watu wa kukaa upande wako mpaka jua lizame.